Kebo ya Papa Casimir

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Bushira alipita kwenye kituo cha afya cha Baraka kufagia chumba cha redio. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu, kazi zake nyumbani zilikuwa tele, na ufagio ulikuwa kisingizio tu. Alichokuja kukifuata ni zamu ya saa moja, pale Mama Anastasie, mkunga wa kituo, alipobonyeza kitufe cha redio na kuita vituo vidogo vya kando ya ziwa kimoja kimoja.

“Mboko, Mboko, unanipata?”

“Nakupata tano juu ya tano, mama!” ilijibu Mboko, maana yake sauti ni safi, haina dosari.

“Swima, unanipata?”

“Tano juu ya tano!”

“Ubwari, Ubwari, unanipata?”

Hapo Bushira aliacha kufagia. Asubuhi hiyo redio ilikoroma, ikakwaruza, ikatoa nusu ya neno, kisha ikanyamaza. Mama Anastasie aliita mara tatu bila kujibiwa.

“Mama, kuna nini huko? Vita imefika?” Bushira aliuliza.

“Hapana, mwanangu. Batu iko bazima. Mugonjwa ni rele.”

Rele lilikuwa jina ambalo watu wa Baraka walikipa kifaa kilichofungwa juu ya mgongo wa milima ya Ubwari. Kilisikia sauti dhaifu kutoka upande mmoja wa milima na kuirusha kwa nguvu upande wa pili. Bila rele, vijiji vya ng'ambo ya milima vilikuwa bubu. Na katika kijiji kimoja huko ng'ambo aliolewa Zainabu, dada mkubwa wa Bushira, ambaye Bushira alimwita yaya.

Yaya Zainabu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amefariki wakati wa kuzaliwa, kwa sababu mumewe alipiga kasia nusu siku nzima kuja kumwita mkunga, na mkunga alipofika alikuwa amechelewa. Ulikuwa mwaka 2002, vita vya pili havijaisha, na barabara zilikuwa za kubahatisha. Lililobaki ni ziwa, boti la Waziri, baba yake Bushira, na redio. Redio ikiita, boti la injini linampeleka Mama Anastasie kwa saa chache. Redio isipoita, ni kasia tena. Bushira alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana alikuwa hali vizuri siku hizo.

Fundi wa rele alikuwa Papa Casimir, mzee wa miaka sitini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa nyavu. Alivuka ziwa siku ileile, akapanda mlima, na kesho yake akarudi na bunda la kebo ya zamani begani. Aliikata kwa wembe mbele ya watu, na maji yakachuruzika kutoka ndani.

“Mumeona? Kebo hii ndiyo njia ya sauti kutoka kwenye rele mpaka kwenye antena,” alisema. “Imekunywa mvua mpaka ikashiba. Tunahitaji nyingine, mita ishirini na tano, pamoja na fishi mbili za kuichomekea.”

Basi wakaenda sokoni: Papa Casimir, Waziri na Bushira. Hata hawajafika, Jacques, mfanyabiashara wa betri na tochi, alikwisha kuwakimbilia na bunda la kebo nyeusi mikononi.

“Papa Casimir, karibu mali safi! Iko mupya kabisa, imevuka ziwa juzi. Angalia fishi zake vile zinang'aa!”

“Kizuri chajiuza, Jacques. Mbona hii unaitembeza?” Papa Casimir alimjibu, na akina mama waliouza dagaa, ambao huko huitwa ndagala, wakacheka.

Alikaa juu ya debe, akaomba kipande cha urefu wa kidole, akakichuna kama mtu anayemenya muhogo. Chini ya ganda jeusi palikuwa na wavu mwembamba wa nyuzi za shaba, chini ya wavu moyo mweupe wa plastiki, na katikati ya moyo waya mmoja. Alimwita Bushira asogee.

“Wewe ni binti wa mvuvi. Huu wavu unauonaje?”

Bushira aliinama. Nyuzi zilikuwa chache kiasi kwamba angeweza kuzihesabu, na weupe wa plastiki ulionekana katikati yake. “Matundu makubwa sana, papa. Huu haukamati hata ndagala mmoja.”

“Umesema. Na sauti ni ndogo kuliko ndagala.” Mzee alitoa mfukoni kipande cha sumaku alichokibandua kwenye spika mbovu, akakisogeza kwenye waya wa katikati. Tap! Waya ukanasa. “Shaba hainaswi na sumaku. Hiki ni chuma kilichopakwa shaba juujuu.” Kisha akaikwaruza fishi inayong'aa kwa ncha ya msumari, na mng'ao ukatoka kama rangi ya kucha.

Waziri alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Hatimaye uvumilivu ukamwishia. “Fundi, kebo ni kebo! Mutoto wangu iko na mimba ya miezi minane, na we unacheza na sumaku? Tuchukue hii twende!”

“Waziri, ndugu yangu, nisikilize,” mzee alisema bila kupandisha sauti. “Kwa redio ya kawaida ningekubali kwa shida. Ile inasikia kwanza, halafu inasema. Rele inasikia na kusema kwa wakati uleule. Kebo ikivuja, kelele za rele yenyewe zinarudi kuiziba masikio. Utakuwa na rele inayojisikia yenyewe tu, na Zainabu ataita mpaka achoke.”

Waziri akanywea. “Sasa nzuri tutaitoa wapi? Na vita hii, nani atatuletea?”

Papa Casimir alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. “Iko moja,” alisema.

Aliwapeleka nyumbani kwake, akawatoa kuku bandani, akaanza kuchimba kwa jembe. Kutoka ardhini akatoa bunda lililofungwa kwa mpira wa gari. Bushira alilitambua kabla halijafunguliwa, kwa maana alikuwa amesimuliwa habari zake mara nyingi. Zamani Papa Casimir alikuwa mwanaredio wa ridhaa, mtu anayezungumza na wenzake wa nchi za mbali bila malipo, kwa mapenzi ya redio tu. Vita vilipoanza, mtu mwenye antena juu ya nyumba aliweza kuitwa mpelelezi. Mzee aliishusha antena yake kwa mikono yake mwenyewe na kuizika kebo yake. Siku ya amani, alikuwa akisema, ataipandisha tena na kuwaita rafiki zake mmoja mmoja, awaambie kwamba yu hai.

Alichuna ncha yake. Loo! Wavu wake ulikuwa mara mbili, mmoja juu ya mwingine, umesukwa ukabana, huoni hata alama ya weupe. Sumaku ilipita juu ya waya wa katikati bila kushtuka. Fishi zake hazikung'aa hata kidogo. Zilikuwa nzito na za rangi ya sufuria ya zamani.

“Lakini papa,” Bushira alisema kwa sauti ya chini, “na rafiki zako je?”

“Wamenisubiri miaka sita. Mutoto akitaka kuzaliwa hasubiri.”

Bushira aliona machozi yakimlenga. Alimpenda yule mzee siku ile kuliko alivyoweza kusema.

Kazi ilianza mchana uleule. Umeme haukuwepo, kwa hiyo chuma cha kulehemu kilichomwa moto juu ya mbabula, jiko la makaa la Mama Anastasie. Papa Casimir alitengeneza fishi ya kwanza taratibu, akieleza kila hatua: ukate wapi, uchune kiasi gani, risasi ya kulehemu iyeyuke mpaka itandae yenyewe. Kisha akamkazia Bushira macho.

“Mikono yangu inatetemeka. Yako ni midogo na imetulia. Fishi ya pili ni yako. Fanya nilichokuonyesha. Usipunguze, usiongeze.”

Bushira alijaribu kwanza kwenye kipande kilichobaki, kisha akafanya kweli. Risasi ilitandaa vizuri ajabu. Wakati huo mzee alikuwa ameitwa kwenye kizuizi cha barabarani kuwaonyesha askari karatasi ya ruhusa ya kuvuka, na Bushira akabaki peke yake na fishi yake, anaitazama kwa majivuno. Mvua ndiyo iliyoua kebo ya kwanza, akawaza. Je, mvua ikiingia na hapa? Ndipo akakumbuka baba yake. Kabla ya kwenda ziwani, Waziri hupaka mawese kwenye kila parafujo ya taa zake za kuvulia, maji yasiingie, kutu isishike. Kila mtoto wa mvuvi Baraka analijua hilo. Akachovya kidole kwenye chupa ya mawese, akapaka ndani ya fishi na kuizunguka, akapaka na upande mmoja wa kile kipande cha majaribio, halafu akafunga utepe wa mpira juu yake. Mzee aliporudi, alikuta kazi imekwisha na imependeza.

“Umeongeza kitu?” aliuliza.

“Hapana, papa,” Bushira alisema. Jibu lilimtoka upesi, hata yeye mwenyewe alishangaa. Lakini alijiambia kwamba mawese si kitu, ni wema tu.

Walivuka, wakapanda, wakafunga. Kebo iliyozidi Papa Casimir hakuikata. Aliizungusha mara mbili chini ya mlingoti. “Fundi hali akiba yake,” alisema. Asubuhi iliyofuata Ubwari ilijibu tano juu ya tano, na Mama Anastasie akapiga vigelegele. Watu walimpongeza Bushira sokoni, wakamwita binti mwenye mkono wa dhahabu, na yeye akatembea kichwa juu wiki nzima.

Wiki ya pili, mkoromo ukarudi. Siku ya kumi na mbili, kimya kabisa.

Safari hii Papa Casimir alikuwa kitandani, malaria imemkamata. Maneno yakazagaa upesi kuliko homa. Eti mzee amewapa watu kebo iliyooza chini ya mavi ya kuku. Eti angemsikiliza Jacques tangu mwanzo. Waziri hakutukana, lakini alikata shauri: kesho atachukua kebo ya Jacques, aipandishe mwenyewe, na ile ya mzee aitupe ziwani.

Bushira alikwenda kumtazama mgonjwa akamkuta amegeukia ukutani.

“Labda wanasema kweli,” mzee alisema. “Labda imezeeka kama mimi. Nilikuwa na uhakika, mwanangu. Nilikuwa na uhakika kabisa.”

Maneno hayo yalimchoma Bushira. Alirudi nyumbani hana raha, akaingia jikoni kuota moto, na macho yake yakaangukia kile kipande chake cha majaribio, alichokitundika ukutani kama kumbukumbu ya ufundi wake. Akakishusha. Mama yangu! Upande aliopaka mawese, panya walikuwa wamelitafuna ganda mpaka kwenye shaba, sisimizi wamejipanga, na shaba yenyewe imefanya ukijani. Upande usiopakwa ulikuwa mzima, hauna hata alama ya jino.

Akaelewa yote kwa mara moja. Akaketi palepale chini.

Jamani, tusidanganyane, kukiri si kazi nyepesi. Bushira aliwaza mkono wa baba yake. Aliwaza soko zima lililomsifu. Kama angenyamaza, nani angejua? Kebo ingezama ziwani pamoja na siri yake, na kila mtu angesema ni uzee wa kebo. Lakini mahali pake ingepanda ile yenye matundu, na yaya Zainabu angeita mpaka achoke. Tena Papa Casimir angebaki akiukodolea macho ukuta. Bushira aliinuka, akakishika kile kipande, akatoka mbio.

Kwa mzee aliwakuta Waziri, Mama Anastasie, na Jacques aliyekwisha kuleta bunda lake.

“Shikamoo, baba. Shikamoo, mama,” alisema huku akihema. “Msiitupe kebo. Papa Casimir, kebo yako haina kosa. Kosa ni langu. Uliniuliza kama nimeongeza kitu nikakudanganya. Nilipaka mawese.” Akanyoosha mkono, kipande kikiwa kiganjani.

Waziri alisimama kwa ghadhabu. “Mawese? We mutoto, ni nani alikufundisha upuuzi wa kupaka mawese?”

“Wewe, baba. Kwenye taa.”

Waziri akaketi. Papa Casimir alikuwa amekwisha kujiinua kwa kiwiko; alikigeuzageuza kile kipande karibu na miwani, na ghafla akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa.

“Loo, Bushira! Nimewapelekea bapanya ba mulimani kebo, na wewe ukawaungia kwa mawese! Kwa nini wasile?” Kisha akatulia, na sauti yake ikawa nzito. “Jacques, chukua bunda lako. Waziri, washa injini. Mimi siwezi kupanda, lakini fundi tunaye.”

“Nani?” Waziri aliuliza.

“Huyu aliyesimama mbele yako. Anajua kosa liko wapi kuliko mtu yeyote.”

Walivuka asubuhi, wakiwa na mbabula ndogo, makaa na vyombo vya mzee. Juu mlimani Bushira alifungua utepe, akawakuta sisimizi wamejenga mji ndani ya fishi. Alinawa mikono kwa sabuni na majivu mpaka harufu ya mawese ikaisha. Alilegeza ile akiba iliyozungushwa chini ya mlingoti, akakata kebo kidogokidogo mpaka alipofika kwenye shaba inayong'aa, bila ukijani. Akaisugua fishi ikatakata, akaiyeyusha risasi, akafunga utepe kuanzia chini kwenda juu, ili maji yateremke kama kwenye nyasi za paa. Baba yake alipuliza makaa muda wote. Bushira hakupunguza, hakuongeza.

Halafu akachukua redio ndogo ya mkononi. “Baraka, Baraka, unanipata?”

Redio ilikwaruza kidogo. Kisha ikaja sauti ya mzee, dhaifu kwa homa, lakini safi. Alikuwa amejikokota mpaka kwenye chumba cha redio.

“Nakupata tano juu ya tano, fundi.”

Waziri alijifanya moshi umemwingia machoni.

Siku ya nne, katika zamu ya saa moja, Ubwari haikusubiri kuitwa. “Baraka, Baraka! Zainabu wa Waziri ameshikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Leteni mkunga!” Kabla neno la mwisho halijaisha, Bushira alikuwa ameutupa ufagio na kukimbia ufukweni. Boti liliondoka na Mama Anastasie kabla jua halijapanda.

Siku hiyo hakwenda shule. Alikaa kando ya redio na Papa Casimir, bila kula. Ilikuwa alasiri redio ilipofunguka, na hapakuwa na maneno. Kilichotoka ni kilio cha mtoto mchanga, kikali, kama kwamba analilia hapo mezani.

“Mumesikia?” Mama Anastasie aliuliza kutoka ng'ambo ya milima, akicheka. “Ni mwanamume. Na mama yake mzima, anaomba uji!”

Bushira alilia kwa furaha, wala hakuona haya. Mzee alimwacha alie mpaka ashibe.

“Sasa nisikilize, mjukuu wangu,” alisema. “Kukosea si ajabu. Mimi nimeunguza redio nyingi kuliko umri wako. Kosa lako halikuwa mawese tu. Ulilifunga ndani ya fishi, ukazungushia utepe mzuri juu, ukaniambia hakuna kitu. Kosa lililofunikwa vizuri ndilo linalotafuna kebo, na usipolifunua mwenyewe, watu wataitupa kebo njema na kupandisha mbovu. Ulipokuja na kile kipande mkononi mbele ya baba yako, hapo ndipo nilipojua nimepata fundi. Kebo nzuri hatuitambui kwa ganda lake. Tunaichuna tuone ndani. Na mtu ni vilevile.”

Kipande kile kilichotafunwa na panya, Papa Casimir alikipigilia msumari ukutani, juu ya redio. Hakukubali kabisa kiondolewe, hata Bushira alipomsihi. Na kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Bushira alifagia chini yake, akaweka ufagio pembeni, akasikiliza Ubwari ikijibu.